TUITWE KABLA RAMANI HAIJACHORWA



Katika kuwatembelea wanachama hapa Gisenyi, kuanzia mjini mpaka Rugerero na Nyundo, kuna neno moja tunalolisikia kila mahali penye chuo au shule ya ufundi. Wapishi wanalisema, walinzi wanalisema, wafagiaji na mafundi wa karakana wanalisema, na siku hizi hata walimu wenye shahada wanalisema. Neno lenyewe ni kwamba wao waliona matofali yamekuja tu. Maana yake jengo limekwisha kuamuliwa, kiwanja kimekwisha kuchaguliwa, fedha zimetengwa na mkandarasi amepewa kazi, lakini mtu atakayefanya kazi ndani ya jengo hilo kwa miaka ishirini hakuulizwa hata swali moja.

Leo tunataka kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwani vijana wetu wengi wanahimizwa kujiunga na vyuo vya ufundi, na vyuo hivyo vinazidi kujengwa na kupanuliwa. Msimamo wetu ni huu: wanaofanya kazi chuoni na wanaosoma chuoni wawe na kiti katika kikao kinachopanga mambo ya chuo, na waitwe kabla ramani haijachorwa. Kuitwa siku ya kukata utepe ni kuitwa kupiga makofi.

CHUO NI CHA NANI?

Ukiuliza chuo ni nini, wengi watakuonyesha lango, kibao na ofisi ya mkuu. Sisi tulioishia shule ya msingi tunakitazama kwa upande mwingine. Tunamwona mpishi anayewasha moto saa tisa za usiku ili uji uwe tayari alfajiri. Tunamwona mlinzi anayejua ni sehemu gani ya ua ina giza na ni mlango gani haufungi. Tunamwona fundi wa bomba anayejua maji hukatika saa ngapi. Tunamwona mtunza stoo, karani, dereva, mwalimu wa karakana, na mwanafunzi anayelipa ada na kulala humo. Hao wote ndio chuo. Ukiwaondoa, zinabaki kuta na mabati.

Kila mmoja wao ana ujuzi ambao haumo katika karatasi za mhandisi. Katika shule moja ya mkoa wetu huu wa Magharibi, ambayo hatutaitaja, jiko jipya lilijengwa juu kilimani na bomba la maji likabaki chini bondeni. Kila asubuhi wapishi wakawa wanapandisha madumu ya lita ishirini. Mama mmoja akaumia mgongo, na mwaka uliofuata mkataba wake haukuandikwa tena. Mwishowe shule ilinunua pampu kwa fedha ambazo hazikuwa katika bajeti. Swali moja kwa wapishi, siku ile walipokuja wapima ardhi, lingeokoa fedha hizo na lingeokoa mgongo wa yule mama. Wazee walikwisha sema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

ARDHI YETU INA HABARI ZAKE

Mambo haya yana uzito popote, lakini hapa Rubavu yana uzito wa uhai wa watu. Tunaishi kati ya volkano, ziwa na mto. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulilipuka, lava ikapita katikati ya mji wa Goma, na maelfu ya watu wakakimbilia huku Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ukalipuka tena. Matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba na barabara katika mji wetu, na familia nyingi zikalala nje kwa kuogopa kuta zao wenyewe. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mto Sebeya ukafurika na kuingia majumbani Nyundo, Rugerero na Kanama. Katika mafuriko na maporomoko ya udongo ya usiku ule watu zaidi ya 130 walikufa nchini, wengi wao katika mkoa wetu.

Tena kuna mazuku. Neno hili ni la wenyeji wa pande hizi za volkano, na wanasayansi wamelichukua kutoka kwao wakaliandika katika vitabu vyao. Ni hewa nzito ya ukaa inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni. Haionekani, na mbuzi au mtoto akiingia ndani yake anaweza kufa papo hapo. Upande wa Goma watu wanayajua mashimo yenye mazuku, kwa kuwa wameyapita tangu utoto wao. Haikuwabidi wangoje chombo cha kupimia kutoka ng'ambo.

Basi, ndugu, kama ujuzi wa mchungaji wa mbuzi umeingia katika vitabu vya wataalamu, kwa nini ujuzi wa mlinzi wa zamu usiingie katika mpango wa bweni? Ni nani aliyekuwa macho saa nane za usiku ardhi ilipotetemeka? Ni nani aliyeona ukuta upi ulitikisika kwanza, na mlango upi ulikwama wanafunzi walipotaka kutoka mbio? Ni nani anayejua maji ya mvua hupita wapi Aprili na Mei, kabla mtaro haujachimbwa na baada ya kuchimbwa? Mhandisi huja mchana wakati wa kiangazi, hupima, huondoka. Mfanyakazi yuko pale mwaka mzima, usiku na mchana.

Tunaposema mpango wa chuo, tunasema mambo haya: bweni liwe wapi, milango ifunguke kwa nje, uwanja wa kukusanyikia ubaki wazi pasipo kujengwa vibanda, stoo ya gesi na kemikali isiwe chini ya vyumba vya kulala. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada ili lisemwe. Lakini yote yanahitaji mtu wa kulisema na kikao cha kulisikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wa Rubavu maana ya ufa tunaijua kwa macho.

MAAMUZI YA JUU NA WATU WA CHINI

Vyuo kupangwa kutoka juu si jambo geni katika nchi yetu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilianzishwa Butare mwaka 1963, na mkuu wake wa kwanza alikuwa padre kutoka Kanada, Georges-Henri Lévesque. Mwaka 1981 kiliunganishwa na taasisi ya taifa ya ualimu, na sehemu ya masomo ikawa Ruhengeri. Mwaka 2013 vyuo saba vya serikali viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu cha Rwanda, na baada ya hapo masomo kadha wa kadha yakahamishwa kutoka kampasi moja kwenda nyingine. Chuo cha Elimu, kwa mfano, kilitoka Remera mjini Kigali kikaenda Rukara katika wilaya ya Kayonza. Mwaka 2017 ikaundwa Rwanda Polytechnic, ambayo vyuo vyake vinane viko Kigali, Huye, Karongi, Musanze, Ngoma, Tumba, Kitabi na Gishari. Katika mkoa wetu kipo hicho cha Karongi. Kijana wa Rubavu anayetaka kuingia humo hupanda basi.

Hatusemi kwamba maamuzi hayo yote yalikuwa mabaya. Kuunganisha vyuo kunaweza kupunguza gharama na kuondoa masomo yanayofundishwa mara mbili mbili. Lakini tazameni yanayotokea chuo kinapohama. Mwalimu hupewa barua ya uhamisho. Mwanafunzi hutafuta chumba kipya. Je, mpishi wa mkataba wa miezi mitatu hupewa nini? Mfagiaji wa kampuni ya usafi hupewa nini? Na mama aliyekuwa akiuza chapati na chai langoni, aliyekopa fedha kwa kuwa alijua wanafunzi watarudi Septemba? Hao hawamo katika faili lolote, kwa hiyo katika hesabu ya gharama za kuhama wao ni sifuri.

Jirani zetu wa Kongo walilipa bei kubwa zaidi. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vikawa chuo kimoja cha taifa, na walimu na wanafunzi wa masomo fulani wakahamishiwa mji mwingine. Mwaka 1981 vikatenganishwa tena vikawa vitatu. Miaka kumi ya kufunga mizigo na kufungua mizigo. Chuo hakihami kwa gari moja. Huhama na maktaba, maabara, familia na watoto wao.

NA WENZETU WALIFANYAJE?

Afrika Mashariki imekwisha kujaribu njia mbalimbali, na ni vizuri tujifunze.

Tanzania, Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata ukatoka Mwongozo wa TANU, uliokataza viongozi kuwa na kiburi na kuwadharau watu walio chini yao. Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1971, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiongozi wa wanafunzi Simon Akivaga aliandika barua ya wazi ya kuukosoa uongozi wa chuo. Polisi wakamwondoa chuoni naye akarudishwa kwao Kenya. Wanafunzi wenzake na walimu wengi hawakunyamaza. Walidai kwamba chuo cha umma hakiwezi kuendeshwa kwa amri, na maneno ya Mwongozo wakayashika mkononi.

Kuna somo jingine katika yale mabaraza, nalo ni chungu. Kazi yao ilikuwa kushauri tu. Wafanyakazi walikaa, wakasema, yakaandikwa, na meneja akabaki na kauli ya mwisho. Baraza lisiloweza kuzuia jambo lolote hugeuka mahali pa kunywa soda.

Uganda, sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 iliweka viti katika baraza la chuo kikuu cha umma kwa wawakilishi wa walimu, wa wafanyakazi wasio walimu na wa wanafunzi. Makerere ilipofungwa na Rais Novemba 2016 kwa sababu ya migomo, watu walioona viti hivyo waliweza kuuliza vilitumikaje. Kenya ilielekea upande mwingine. Sheria yao ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 ililifanya baraza liwe dogo, la watu wanaoteuliwa, na walimu na wanafunzi wakakosa viti vyao vya kuchaguliwa. Kwa hiyo kiti kinaweza kupatikana na kinaweza kuondoka. Kinalindwa na umoja wa waliokidai.

Mbali zaidi, huko California nchini Marekani, kuna vyuo vya jamii vinavyofanana na hivi vyetu vya ufundi: mtoto wa mfanyakazi husoma karibu na nyumbani kwa ada nafuu. Mwaka 1988 walipata sheria iitwayo AB 1725. Kutokana nayo walimu walipata haki ya kushauriwa rasmi katika mambo ya masomo, na kanuni zikataka wafanyakazi wengine na wanafunzi nao wapate nafasi ya kweli ya kushiriki katika mambo yanayowagusa. Mnamo 1997 UNESCO nayo ilitoa pendekezo juu ya hali ya walimu wa elimu ya juu, likisema wana haki ya kushiriki katika vyombo vinavyoongoza chuo na hata kukikosoa chuo chao. Ni jambo jema sana. Lakini pendekezo hilo linamtaja mwalimu. Mpishi na mlinzi hawamo. Kwao kazi imebaki kwetu sisi wa vyama.

WANAOTUPINGA WANASEMAJE?

Tumewasikiliza wanaotupinga, na hoja zao hazifai kudharauliwa.

Wa kwanza wanasema kupanga chuo ni kazi ya wataalamu. Kweli, nondo na saruji zihesabiwe na aliyesomea. Hakuna mfagiaji anayetaka kuchora nguzo. Lakini mtaalamu hujibu maswali aliyoulizwa, na akiulizwa na ofisi peke yake atajibu ya ofisi peke yake.

Wa pili wanasema vikao vinachelewesha, na mfadhili ana tarehe yake. Hoja hii ina ukweli, kwani mwaka wa bajeti ukipita fedha zinaweza kurudi zilikotoka. Sisi tunasema kikao kiwe na siku zake zinazojulikana, na kikishindwa kumaliza katika siku hizo, kazi iendelee. Mwezi mmoja wa maneno ni nafuu kuliko miaka miwili ya kuvunja na kujenga upya.

Wa tatu ni wenzetu wenyewe, wafanyakazi waliokata tamaa. Wanasema mwakilishi akipewa kiti hununuliwa. Hawa tunawaelewa. Hata chama kikuu cha wafanyakazi wa nchi hii, CESTRAR, kilipoanzishwa mwaka 1985 kilikuwa chini ya chama tawala cha wakati ule, na hakikupata kusimama chenyewe mpaka mwaka 1991. Mwakilishi aliyechaguliwa na bosi atamsikiliza bosi. Dawa yake ni uchaguzi wa siri, muda wenye kikomo, na mkutano ambao mwakilishi anarudi kutoa taarifa kwa waliomtuma. Anayeogopa kurudi kwa waliomtuma, tumjue mapema.

Tena tuwakumbushe wote kwamba nchi yetu ina desturi ya kukaa pamoja. Kuna Inteko z'Abaturage, ambapo wananchi hukutana na kusema shida zao mbele ya viongozi. Kuna umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo mkubwa na mdogo hushika jembe. Kama mfanyakazi anafaa kuitwa kuchimba mtaro wa barabara, anafaa pia kuulizwa mtaro wa chuo upite wapi.

TUNACHODAI

Basi tunachodai katika kila chuo na shule ya ufundi ya wilaya yetu ni mambo matano.

Kwanza, kila chuo kiwe na kamati ya mipango yenye wawakilishi waliochaguliwa wa walimu, wa wafanyakazi wasio walimu na wa wanafunzi. Sheria ya kazi namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inawatambua wawakilishi wanaochaguliwa na wafanyakazi, na Rwanda ilitia sahihi yake tangu mwaka 1988 kwenye mikataba namba 87 na 98 ya Shirika la Kazi Duniani, juu ya uhuru wa kujiunga na vyama na haki ya kujadiliana na mwajiri. Hatuombi jambo lililo nje ya sheria.

Pili, karatasi zifike kabla ya kikao. Mtu akiona ramani kwa mara ya kwanza mezani, huku mkuu anatazama saa, hawezi kusema neno la maana. Wiki mbili zinatosha.

Tatu, lugha. Mipango mingi huandikwa kwa Kiingereza, lugha iliyofanywa kuwa ya kufundishia tangu 2008. Lakini jikoni na langoni hapa Gisenyi watu huongea Kinyarwanda na Kiswahili, na Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi tangu 2017. Mpango uelezwe kwa lugha hizo, na ramani iandikwe majina ambayo kila mtu anayajua: jiko, bweni, kisima, lango.

Nne, kamati ipewe majibu kwa maandishi. Ikisema bweni lisijengwe karibu na mto, na uongozi ukaamua lijengwe hapo hapo, basi uongozi uandike sababu zake na kutia sahihi. Siku maji yakiingia itajulikana nani alionya na nani alikataa. Jambo hili moja tu litawafanya wakubwa wengi wafikiri mara mbili.

Tano, wafanyakazi wa kampuni za usafi na ulinzi wahesabiwe. Siku hizi vyuo vingi vinaajiri kwa kupitia kampuni, na mtu anaweza kufagia chuo kimoja kwa miaka saba bila kuwa mfanyakazi wa chuo hicho. Wapewe haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa kamati. Na kila mpango wa kuhama au kufunga kampasi uandike waziwazi watu hao watakwenda wapi na watalipwa nini.

Ndugu, wengine watatuuliza mbona tunashughulika na ramani na vikao wakati mshahara hautoshi unga na mafuta. Tunawajibu kwamba ni jambo moja. Fedha zilizonunua pampu ya lile jiko la kilimani zilitoka katika mfuko ule ule unaolipa mishahara. Chuo kikipangwa vibaya, hasara haipelekwi nyumbani kwa mhandisi. Hukatwa kwenye mikataba, kwenye idadi ya wapishi, kwenye saa za walinzi.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wa kila chuo wafanye hivi kabla mwezi huu haujaisha. Kaeni, hata kama ni watu sita chini ya mti. Andikeni mambo matatu ambayo kila mmoja wenu anayajua kuhusu mahali penu pa kazi na ambayo ofisi haiyajui: ufa uko wapi, maji hupita wapi, giza liko wapi. Tieni sahihi zenu, asiyejua kuandika aweke kidole. Mpelekeeni mkuu nakala moja, na nakala nyingine mtuletee sisi ofisini. Asijekuwapo mtu wa kusema kesho kwamba wafanyakazi hawakuwa na la kusema.

Umoja ni nguvu!